Pepo wa Upinde Mbona Hapandi Ndege?

Nilikwenda Bamba kununua mbuzi, nikarudi na hasira. Kando ya mnada kulikuwa na hema la mhubiri mmoja mgeni, na spika zake alizielekeza kwetu sisi tuliokuwa tukibishana bei, utadhani mbuzi nao wana dhambi. Ndipo nikamsikia akiagiza: kila mwenye upinde wa babu yake nyumbani autoe, aulete mbele, uchomwe. Pinde hizo, akasema, zimekunywa damu. Ndizo zinazofunga mvua. Ndizo zinazofunga vizazi, na ndizo zinazowafanya vijana wetu wamalize chuo kisha warudi kukaa chini ya mwembe. Watu wakaitikia amina. Halafu akasoma nambari ya Pay Bill ya kutumia sadaka mara tatu, polepole, hata vikongwe wasiojua kusoma wakaishika.

Ningeyaacha hapo hapo mnadani, pamoja na mbuzi niliyeshindwa kumnunua. Lakini nilipofika nyumbani nilimkuta shangazi yangu ameshayasikia. Maneno ya namna hii huwa hayangoji matatu. Alikuwa ameteremsha podo la babu kutoka darini akaliweka mlangoni juu ya gunia, na pinde tatu zimelazwa kando yake kama kuni.

"Baba," akaniambia. Huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la babake. "Baba, vitu hivi vitatumaliza."

"Shangazi, vimekaa humu miaka 60. Vinangoja nini?"

"Ndiyo maana hatuendelei."

Na mimi nauliza, tena nitaendelea kuuliza mpaka mtu anijibu: kama upinde wa kale una pepo, mbona pepo huyu hapandi ndege? Maana pinde zetu zimesafiri. Makumbusho ya Pitt Rivers kule Oxford yana pinde za Afrika. Makumbusho ya Manchester yana mkusanyiko mzima wa pinde na mishale kutoka pande zote za dunia. Wafanyakazi wa huko huingia asubuhi, hupangusa vumbi, hunywa chai, jioni hurudi kwao. Mvua haijafungwa Manchester. Wenyewe hulalamika kwamba haikatiki.

Tena Waingereza hawakuishia kwa pinde za watu. Mwaka 1545 meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII, Mary Rose, ilizama karibu na Portsmouth, wakafa nayo mamia ya watu. Mabaki ya meli hiyo yaliinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, na wazamiaji walikuwa wamekuta ndani yake pinde nzima zaidi ya 130 na mishale kwa maelfu. Hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya paa wala nguruwe mwitu. Zilitengenezwa kwa ajili ya vifua vya watu. Kama kuna pinde zilizokunywa damu duniani, ni za ukoo huo, tena zikalala matopeni na mifupa ya waliozivuta kwa miaka zaidi ya 400. Je, aliitwa mchungaji? Zilioshwa, zikakaushwa kwa uangalifu wa daktari anayemhudumia mtoto njiti, zikatiwa nyuma ya kioo, na ukitaka kuziona unalipa kiingilio.

Pepo gani huyu mbaguzi? Kwa Mwingereza anakaa kimya kama paka wa msikitini, kwa Mgiriama wa Ganze anamnyima mtoto wa watu kazi ya kaunti!

Kuna jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliyejaribu kumtetea mhubiri. Alisema pinde za makumbusho hazina neno kwa sababu "zimeshaombewa." Nikamuuliza zimeombewa na nani. Akasema lazima iwe zimeombewa. Huyo ndiye aliyefundisha watoto wetu hesabu.

Basi tuyaache ya Ulaya, twende kwenye kitabu anachokishika mhubiri mwenyewe. Yonathani alipompenda Daudi alimvulia silaha zake akampa, upinde ukiwamo. Hakuuchoma, alimpa rafiki yake. Isaka, alipotaka kumbariki mwanawe, alimtuma kwanza na podo na upinde wake akamtafutie mawindo. Na baada ya gharika Mungu aliweka nini mawinguni? Hata leo tunauita upinde wa mvua. Sijasikia mtu akitaka kuuteremsha auchome. Ndugu zangu Waislamu nao wanajua kwamba kule Istanbul, katika kasri la Topkapi, umehifadhiwa upinde unaosemwa kuwa ni wa Mtume mwenyewe, na watu huenda kuuzuru kwa adabu, sauti zikiwa chini.

Lakini kinachonichoma si dini. Ni kwamba hii si mara ya kwanza kuambiwa babu zetu walikuwa na mikono michafu. Ilianza serikali. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, Walangulo, ambao wenyewe hujiita Waata, walilala wawindaji wakaamka wezi. Hao ndio waliokuwa mabingwa wa uta katika nchi hii. Upinde wao mrefu ulihitaji nguvu ya ratili 100 na zaidi kuuvuta. Asiyejua ratili ajaribu kuinua mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa vidole vitatu, aushike hapo bila kutetemeka, na mbele yake amesimama ndovu. Walimsogelea mnyama mpaka hatua chache, wakilenga pale ambapo mshale hauzuiwi na mfupa. Sumu yao ilitokana na msunguti, na wapishi wake wakubwa walikuwa sisi Wagiriama. Babu aliniambia jinsi ya kuijaribu: unajichanja mkono, unaacha damu iteremke, kisha unagusa mwisho wa mchirizi kwa utsungu, yaani sumu yenyewe. Damu inageuka nyeusi, na weusi ule unapanda kuelekea kwenye jeraha. Unaufuta kabla haujafika. Ukichelewa kuufuta, jaribio limefaulu.

Sumu hiyo ndiyo ile ambayo wataalamu wa Ulaya waliisafisha wakaipima kwa tone kuwa dawa ya moyo. Kwao ikawa tiba, kwetu ni uchawi. Haya, tuendelee.

Mwaka 1956 na 1957 askari wa wanyama chini ya David Sheldrick na Bill Woodley waliwasaka Walangulo kijiji kwa kijiji, mamia wakafungwa. Wakati huo huo, mgeni mwenye bunduki, leseni na kofia pana aliruhusiwa kuua ndovu yule yule, akapigwa picha amekanyaga mkonga. Yeye aliitwa mwindaji. Jirani yetu Mlangulo wa mto Galana aliitwa jangili. Biashara hiyo ya leseni iliendelea mpaka mwaka 1977, uwindaji ulipopigwa marufuku kwa wote. Na ukame wa 1970 na 1971 ulipoua ndovu kwa maelfu ndani ya Tsavo ile ile iliyolindwa dhidi ya mishale, sikusikia ukame umefungwa jela Voi. Najua, mtasema ndovu walikuwa wanamalizwa kwa ajili ya pembe. Pembe hizo Mlangulo alikuwa akizivaa yeye?

Kwa hiyo kwanza tuliambiwa upinde ni ujangili, tukauficha darini. Sasa tunaambiwa ni pepo, tuutoe darini tuuchome. Na katikati ya hayo mawili alipita mtu wa tatu, mnunuzi. Huyu hakusema ni dhambi. Alisema, "Mzee, hiki kimti utakifanyia nini?" Vigango vyetu, nguzo za kumbukumbu za wazee wa chama cha Gohu, viliondoka hivyo hivyo, vingi viking'olewa usiku, vikaishia katika makumbusho na sebule za Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa sherehe kubwa, mawaziri na ngoma. Vilivyochomwa havikurudi. Moto hauandikiwi barua.

Na hapa nikiri langu. Pinde za babu zilikuwa nne. Ule wa nne, uliokuwa mzuri kuliko zote, mweusi kwa moshi na mafuta, marehemu baba aliuuza Malindi kwa shilingi 200 mwanzoni mwa miaka ya 90, na aliyemtafutia mnunuzi ni mimi. Nilikuwa nataka viatu. Nilivinunua, vya plastiki, vikakatika soli kabla ya muhula kwisha. Kila ninapoona duka la vinyago nainama kuangalia pinde, ingawa ninazoziona ni fito zilizopakwa rangi ya viatu, upote wa nailoni, hazirushi hata punje ya mahindi.

Lipo kundi jingine, la watoto wetu wa Nairobi, ambao hawaamini pepo lakini wanaamini nafasi. Kitu kisichotumika, wanasema, kinajaza nyumba. Mpwa wangu ndiye bingwa wa hoja hii. Siku moja nilitazama sebule yake yeye mwenyewe. Kuna televisheni mbili mbovu zimepangwa moja juu ya nyingine. Kuna dikoda ya kampuni iliyokwishafungwa. Kuna makopo ya Blue Band yasiyopungua kumi, yakisubiri kazi isiyojulikana, na kabati la vikombe ambavyo mgeni hajawahi kuvishika. Vyote hivyo vina nafasi. Kilichokosa nafasi ni upinde, ambao ukitundikwa ukutani haumzuii hata kuku kupita.

Huyo mpwa wangu ndiye aliyenitia hasara ya pili. Nilipokuwa nikibishana na shangazi alichukua upinde mmoja, akauona bado una upote, akasema ngoja tuone. Nilipaza sauti, nikachelewa. Aliuvuta mpaka kifuani. Ulitoa mlio mfupi, kama mtu anayevunja kidole, kisha ukafunguka katikati, nyuzi za mti zikasimama nje kama manyoya. Upinde mkavu wa miaka hiyo hauvutwi, jamani. Mti wa mkole ukikaa unasahau kupinda. Zamani uliwekwa juu ya mafiga, moshi ukafukuza dumuzi, ukapakwa mafuta mara kwa mara, na upote ulifunguliwa ili mti upumzike. Tangu tuezeke mabati na kupikia gesi, dari imekuwa tanuri. Aliyeua upinde ule ni bati, mpwa wangu alimalizia tu. Sikumsamehe.

Sasa, msije mkasema nimewaambia mkumbatie kila kilichomo darini. Podo la babu lilikuwa na mishale 11. Minne kati yake ilikuwa na vyembe vilivyozungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, kama kidole kilichofungwa kitambaa. Asiyejua angeufungua ukanda ule kwa udadisi. Unafungwa ili utsungu usikauke na usimguse mwenyewe, na uliotunzwa vizuri hukaa miaka mingi bado una nguvu. Nilivaa glavu, nikavikata vyembe vile vinne, nikavidondosha katika shimo la choo, nyumba ina watoto. Hapo mhubiri angekuwa na hoja, lakini hakuitaja sumu hata kidogo. Alikuwa na shughuli na mapepo.

Mwalimu mstaafu akarudi tena na la mwisho: sheria ya wanyamapori ya 2013, nitashikwa kwa kuwa na ngozi ya mnyama. Akanyoosha kidole kwenye kifuniko cha podo. Nikamwambia hiyo ni ngozi ya ng'ombe. Akasema ng'ombe gani ana madoa hayo. Nikamwonyesha wajukuu wa ng'ombe huyo wakila nguo zake kwenye ua.

Zimebaki pinde mbili. Mmoja, ule mrefu, babu hakuutengeneza. Alibadilishana na rafiki yake Mlangulo kwa sumu, na rafiki huyo ana mjukuu ng'ambo ya mto Galana ambaye kwao hakukubaki hata kipande, vyote vilichukuliwa na askari. Huo nimeamua auchukue yeye. Nilimpigia simu, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, "Ni mrefu kuliko mtu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema anakuja na pikipiki, nikamwambia upinde wa namna hiyo haupandi pikipiki, aje na gari.

Wa pili ni wa kwetu. Nimeupaka mafuta ya mbarika, nimeulaza juu ya misumari miwili mirefu sebuleni, mbali na dirisha. Hauna upote. Mzee mmoja amekubali kunisokotea kwa kano za ng'ombe, akanitaka nilete zile ndefu za mgongoni. Nimekwenda kwa muuza nyama mara mbili. Mara ya kwanza aliniuliza nani anakula hizo, nikamwambia si za kula, akanitazama kama mtu aliyetumwa na mganga. Mara ya pili alizipima kwenye mizani akataka bei ya nyama ya mfupa. Amesema nirudi Jumamosi, atachinja fahali.

Shangazi ameniuliza kano hizo nitazianika wapi. Nimemwambia kwenye kamba ya nguo zake. Tangu jana hajanijibu.