Jibuni Maswali Kabla ya Kuchangisha

Mpango wa kununua shamba karibu na Kona ya Musa, Kwale, umeigawa jumuiya yetu, na jarida hili haliwezi kunyamaza.

Wazo lenyewe ni zuri: tuchange, tupate ardhi kando ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga, tujenge nyumba za kupangisha. Kinachotuuma ni jinsi waliouliza maswali walivyojibiwa. Waliambiwa ni waoga, eti ughaibuni kumewatoa ujasiri. Mama mmoja aliyesimama mkutanoni na maswali yake kwenye karatasi alikatizwa kwa makofi, na karatasi ikabaki mezani bila kujibiwa hata mstari mmoja.

Karatasi ile tumeisoma. Swali la kwanza: shamba litaandikwa jina la nani? Anayeliona dogo na afungue Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65. Asiye raia hapati ardhi ila kwa kukodi, tena kwa muda usiozidi miaka 99. Kampuni nayo huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Jumuiya yetu ina wazee waliochukua uraia wa huku kabla Katiba hiyo haijaruhusu uraia wa nchi mbili, na wengine hawajaomba kurudishiwa ule wa Kenya. Tukinunua kwa jina la kampuni na mmoja wao akiwa na hisa moja tu, kampuni nzima haihesabiwi raia, na hata mkataba ukiandika kwamba ardhi ni yetu daima, sheria itaipa miaka 99 basi. Woga uko wapi hapo? Hilo ni swali la wakili, na lina jibu.

Swali la pili: nani amepekua rejista ya ardhi Kwale akathibitisha kwamba anayeuza ndiye mwenye hati? Pwani yetu ina mashamba mengi ambayo mwenye hati ni mmoja, na aliyepanda minazi akazaa na kuzika hapo ni mwingine.

Wapo wanaotukumbusha kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo hatuitaki hapa hata kwa kumtetea yule mama, kwa sababu inakubali kwamba ni mwoga. Yeye aliuliza. Kumwita mwoga ni kuhukumu moyo wake na kuliacha swali lake palepale.

Kwale tuna mfano wetu. Kampuni ya Tiomin ya Kanada ilipotaka kuchimba titani, wenyeji walihoji kama tathmini ya mazingira imefanywa inavyotakiwa na sheria ya mwaka 1999. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Mombasa ilikubaliana nao na kuizuia kampuni. Kuuliza hakukuua uchimbaji: madini yalikuja kuchimbwa na Base Titanium, shehena ya kwanza ikasafirishwa mwaka 2014, na kazi ikafikia kikomo Desemba 2024.

Tunaiomba kamati ya mpango huu ilete majibu kwa maandishi: matokeo ya upekuzi wa hati, na barua ya wakili kuhusu uraia wa wanahisa. Anayeona maswali haya hayana msingi naye aandike sababu zake, tutazichapa kama zilivyo. Mpaka majibu hayo yafike mikononi mwa wanachama wote, ushauri wetu ni kwamba mtu asitoe mchango.