Bima ya Afya Marekani: Hesabu Isiyofutika kwa Kura

Tangu tarehe 23 Machi 2010, siku ambayo Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya bima ya afya, vyama viwili vikubwa vya Marekani havijapatana juu yake. Sheria hiyo ilipita katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212, bila ya kura hata moja ya Chama cha Republican. Chama hicho kikaahidi kuifuta na kuweka nyingine badala yake. Ahadi ikarudiwa uchaguzi baada ya uchaguzi, na Wawakilishi wakapiga kura zaidi ya mara 50 za kuiondoa yote au sehemu yake. Hata hivyo sheria ingali hai. Mtu aweza kudhani kwamba imeokolewa na ushupavu wa wafuasi wake. Kwa kweli imeokolewa zaidi na hesabu, na hesabu hiyo yafaa ielezwe, kwani haina chama wala uraia.

Msingi wa bima ni ule ule wa chama cha kuzikana. Watu wengi huchanga kidogo kidogo, na fedha zikamfaa yule mmoja aliyefikwa na msiba. Lakini iko tofauti moja kubwa. Kifo kitamfika kila mwanachama, na hakuna ajuaye zamu yake. Maradhi hayakugawanywa hivyo. Takwimu za Marekani zaonyesha, mwaka baada ya mwaka, kwamba watu 5 katika kila 100 ndio wanaotumia karibu nusu ya fedha zote za matibabu, ilhali ile nusu ya watu walio wazima zaidi hutumia kiasi cha asilimia 3 tu. Tena wengi wa hao watano hujulikana mapema: mwenye kisukari, mwenye figo zilizoharibika, mwenye saratani. Kampuni ya bima inayotafuta faida haihitaji kuwa na roho mbaya ili iwakimbie. Yatosha ijue kuhesabu.

Nayo ilijua. Kabla ya 2014, katika majimbo mengi ya Marekani, mtu aliyejinunulia bima mwenyewe bila ya kupitia kwa mwajiri aliulizwa kwanza habari za maradhi yake yote. Kampuni iliweza kumkataa, au kumtoza ada kubwa, au kumwandikia bima isiyogusa ule ugonjwa alio nao.

Dawa ionekanayo wazi ni kuzikataza kampuni kumkataa mgonjwa. Jimbo la Washington, lililo upande wa Bahari ya Pasifiki (si mji mkuu wenye jina hilo), liliijaribu dawa hiyo, na kisa chake chastahili kusomwa na kila mtunga sheria. Mwaka 1993 jimbo lilipitisha sheria yenye masharti mawili: kampuni zisimkatae mtu, na kila mkazi awe na bima. Baada ya uchaguzi nguvu za vyama zikabadilika, na mwaka 1995 sharti la pili likafutwa. Lile la kwanza likaachwa, kwa kuwa watu walilipenda. Basi mtu mzima akaona hana haja ya kulipa leo. Atanunua bima siku atakapougua, au siku mkewe atakaposhika mimba. Waliobaki katika mfuko aghalabu wakawa wagonjwa, na ada ikapanda. Ilipopanda, wale wenye afya ya wastani nao wakatoka, na ada ikapanda tena. Kufikia 1999 kampuni zilikuwa zimeacha kuuza bima mpya ya mtu binafsi karibu katika jimbo zima. Sheria iliyokusudiwa kumfungulia mgonjwa mlango haikumwachia hata nyumba.

Kwa mafunzo ya namna hiyo, sheria ya 2010 ilitegeshwa juu ya mafiga matatu. La kwanza, mgonjwa asikataliwe wala asitozwe zaidi kwa ajili ya ugonjwa wake. La pili, kila mtu awe na bima, na asiye nayo alipe faini. La tatu, serikali imsaidie kwa ruzuku yule asiyemudu ada, na mfuko wa serikali wa watu maskini, uitwao Medicaid, upanuliwe. Mpango huo haukuzuliwa na Chama cha Democrat. Sharti la kila mtu kuwa na bima lilipendekezwa mwaka 1989 na Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina, na mwaka 2006 likawa sheria katika jimbo la Massachusetts kwa sahihi ya Gavana Mitt Romney, mtu wa Republican. Miaka 6 baadaye Romney aligombea urais akiahidi kuifuta sheria ya taifa iliyofanana na yake mwenyewe. Siasa ina mizunguko ambayo hata elimu ya falaki haijaiandikia kanuni.

Waliopitisha sheria nao hawakusema kweli yote. Rais Obama aliwaahidi wananchi kwamba aliyeridhika na bima yake angeendelea nayo. Mwishoni mwa 2013 mamilioni ya watu walipokea barua za kuarifiwa kwamba bima zao zinakoma, kwa sababu hazikutimiza masharti mapya. Haikuwezekana kuwa vinginevyo. Bima rahisi iliyomwacha mgonjwa nje ndiyo hasa iliyotakiwa kuondoka, na kijana mzima alitakiwa kulipa zaidi ili mzee na mgonjwa walipe pungufu. Jambo hilo lingeweza kutetewa hadharani. Lilifunikwa, na kila aliyepandishiwa ada akajihesabu kuwa amedanganywa. Aliyeumia zaidi ni mwenye kipato cha kati kilichozidi kidogo kiwango cha kupata ruzuku, na malalamiko yake hayakuwa propaganda.

Mwaka huo huo wa 2013 ulionyesha jinsi ushabiki unavyoweza kuigawa hata takwimu iliyo safi. Jimbo la Oregon, mwaka 2008, lilikuwa na nafasi chache katika Medicaid. Watu kama 90,000 waliandikisha majina yao kwa nafasi zipatazo 10,000, na jimbo likaamua kuzigawa kwa bahati nasibu. Bila ya kukusudia, likawapa wataalamu jaribio la namna ile inayotumiwa kupima dawa mpya: makundi mawili ya watu wanaofanana, yaliyotenganishwa na bahati peke yake. Baada ya miaka 2 hivi ilionekana kwamba waliopata bima walikwenda zaidi kwa daktari na waligunduliwa kisukari mara nyingi zaidi. Ugonjwa wa sonona ulipungua kwa karibu theluthi moja, na gharama za kumfilisi mtu zilikaribia kutoweka. Lakini shinikizo la damu, kolesteroli na sukari katika damu havikuonyesha badiliko lililo dhahiri kitakwimu.

Matokeo yalipochapishwa, upande mmoja ulisoma habari za shinikizo la damu ukatangaza kuwa bima haifai kitu. Upande wa pili ukasoma habari za sonona na madeni ukatangaza ushindi. Karatasi ilikuwa moja. Mwanasayansi angewakumbusha wa kwanza kwamba badiliko kutoonekana si sawa na badiliko kutokuwapo, hasa ambapo wagonjwa wa kisukari miongoni mwa waliopimwa walikuwa wachache. Na angewakumbusha wa pili kwamba kadi ya bima haimezwi kama kidonge. Kazi ya kwanza ya bima ni kumzuia mgonjwa asifilisike, na hapo jaribio la Oregon halikuacha shaka.

Ilipofika 2017, Chama cha Republican kilikuwa na Rais, Baraza la Wawakilishi na Seneti. Kilikuwa kimepata miaka 7 ya kuandika sheria mbadala, na mbadala haukuwapo. Tarehe 4 Mei Wawakilishi walipitisha mswada kwa kura 217 dhidi ya 213. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, isiyofungamana na chama chochote, ilikadiria kwamba kufikia 2026 watu milioni 23 zaidi wangekosa bima kuliko chini ya sheria iliyokuwapo. Wenye mswada walitaka ada zishuke, mgonjwa asikataliwe, sharti la kila mtu liondoke, na serikali itoe fedha pungufu. Kila moja katika hayo manne lina wapenzi wake, lakini yote manne hayaivi katika chungu kimoja. Ndiyo maana mswada uliishia kuyaruhusu majimbo yamtoze zaidi mgonjwa ambaye bima yake ilikatika kwa muda. Mtu ana haki kamili ya kuamini kwamba si kazi ya serikali kumlazimisha raia kununua kitu, na imani hiyo ina heshima yake. Anachodaiwa ni kutaja nani basi atakayewabeba wale watano katika mia. Katika miaka yote hiyo 7 hakutajwa.

Seneti nayo iliupunguza mswada mara kadhaa hadi ukabaki mifupa. Usiku wa manane wa kuamkia 28 Julai ukaanguka kwa kura 51 dhidi ya 49, baada ya maseneta watatu wa Republican kuungana na wapinzani: Susan Collins, Lisa Murkowski na John McCain, ambaye siku chache kabla alikuwa ametangazwa kuwa na saratani ya ubongo.

Hapa haki itendeke kwa upande wa pili pia. Desemba 2017 Bunge liliishusha ile faini hadi sifuri, kuanzia 2019. Wengi wa watetezi wa sheria walitabiri kwamba yaliyolipata jimbo la Washington yatalipata taifa zima. Hayakutokea. Ruzuku ilikuwa imefungamanishwa na kipato cha mnunuzi: ada ipandapo, serikali hulipa ziada, na mwenye ruzuku haoni tofauti kubwa. Figa moja liliondolewa na chungu hakikupinduka, maana figa la fedha lilikuwa nene kuliko walivyodhani wataalamu. Bunge lililoongozwa na Democrat lililinenepesha zaidi mwaka 2021, na wanunuzi wa bima za sheria hiyo, waliokuwa kama milioni 12, wakafika milioni 24 hivi mwaka 2025. Nyongeza hiyo iliwekewa kikomo cha mwisho wa 2025. Ubishi juu ya kuiendeleza ulizifunga shughuli za serikali ya Marekani kwa siku 43, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, na mwaka ukaisha, na nyongeza ikakoma, bila ya vyama kuafikiana.

Hesabu hii imekwisha kuvuka bahari. Kenya, kwa sheria ya 2023 iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Oktoba 2024, imeuondoa mfuko wake wa bima wa tangu 1966 na kuweka mwingine, ambao mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya kipato. Tanzania ilipitisha sheria yake ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mvutano wa Afrika Mashariki haukupangwa kwa vyama kama ule wa Marekani, lakini mafiga ni yale yale. Mwenye mshahara hukatwa kabla hajauona. Mchuuzi wa sokoni na mkulima wa korosho hawana mtu wa kuwakata. Kwao faini ni ngumu kukusanya, na serikali haina hazina ya Washington. Kijana mzima wa Mtwara akiona ada ya leo ni ghali kuliko homa ya kesho, atangoja. Atakayekuja kujiandikisha mapema, na kwa hiari yake, ni yule ambaye daktari amekwisha kumwambia kuwa figo zake hazifanyi kazi.