Kabla Ununue PS4, Igeuze Chini Usome Namba

Wanangu, leo nitawaudhi watu wa Pro, na nishajiandaa. Bora tuudhiane mapema kuliko mtu avuke feri na elfu ishirini na kitu mfukoni, arudi Likoni na mashine itakayokuwa inavuma kama kinu cha mahindi kabla mwezi haujaisha.

Swali ninaloulizwa zaidi ya yote ni hili: "Bro, nichukue Fat, Slim ama Pro?" Anayeuliza mara nyingi si mtoto wa tajiri anayetafuta kitu cha kupitisha wikendi. Ni kijana aliyemaliza fomu four, hana kibarua, amepata kachumba ka kukodi Mishomoroni ama Magongo, na anataka kuweka PS mbili tatu watu wachezee mechi kwa shilingi. Pesa yenyewe imetoka kwa chama cha mamake, ama ameisanya kwa kubeba mizigo Kongowea mwaka mzima. Huyo akichagua vibaya hapotezi mchezo, anapoteza kazi. Ndo maana jibu la "chukua yoyote, zote ni PS4" linaniuma. Ni jibu la mtu ambaye hela si yake.

Msimamo wangu ni huu: kwa joto letu, stima yetu na TV zetu, chukua Slim. Ukikosa Slim, chukua Fat ya mwisho, ile ya namba 1200. Pro waachie wenye TV ya 4K na chumba chenye AC. Sasa nieleze kwa nini, maana sipendi mtu anifuate kwa kuniamini tu.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. PS4 ilitoka Novemba 2013, na Sony wameuza zaidi ya milioni 117. Lakini katika ile miaka waliifungua na kuibadilisha ndani mara kadhaa bila kubadilisha jina. Ukiigeuza, kuna stika imeandikwa CUH na namba. Hiyo namba ndo kitambulisho chake. CUH-1000 na 1100 ni Fat za mwanzo. CUH-1200 ni Fat ya 2015. CUH-2000, 2100 na 2200 ni Slim, ambayo ilianza Septemba 2016. CUH-7000, 7100 na 7200 ni Pro, iliyoanza Novemba 2016. Muuzaji akikwambia "hii ni PS4 safi kabisa" halafu hataki uigeuze, rudisha pesa mfukoni uendelee na safari.

Sasa joto. Sony wenyewe wameandika kwamba PS4 imetengenezwa kufanya kazi hewa ikiwa kati ya nyuzi 5 na 35. Soma hiyo 35 tena. Mombasa Februari na Machi mchana tunagonga 32, 33 hapo nje kivulini. Sasa ingia kwenye chumba cha mabati Mikindani saa nane mchana, vijana kumi na wawili kwenye benchi, TV tatu zimewaka, mlango umefungwa nusu ili jua lisipige kioo. Hapo 35 tulishaipita kitambo. Mashine inavuta hewa ya moto kujipoza kwa hewa ya moto. Feni inapiga kelele, vumbi linaingia, na sisi tulio karibu na bahari tunaongeza chumvi ya hewani inayokula chuma polepole.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ipi ina nguvu?" Swali ni "ipi inatoa joto kidogo?" Na joto linatoka kwenye stima inayokula. Angalia viwango vya juu vilivyotajwa na Sony: Fat ya kwanza wati 250, Slim ya kwanza wati 165, Pro ya kwanza wati 310. Hizo ni dari, haimaanishi inakula hivyo kila dakika, lakini mpangilio ni ule ule ukicheza. Slim inafanya kazi ile ile ya Fat, gemu zile zile, kasi ile ile, kwa stima ndogo, kwa sababu chipu yake iliundwa upya ikawa ndogo na yenye nidhamu. Stima ambayo haikuliwa ni joto ambalo halikutolewa, na ni tokeni ambayo hukununua.

Tupige hesabu ya uswahilini. Tuseme tofauti kati ya Slim na Pro ukiwa unacheza ni wati 50 tu, na hapo nimeipendelea Pro. Chumba kinafunguliwa saa kumi kwa siku. Hiyo ni nusu yuniti kila siku, yuniti 15 kwa mwezi, kwa mashine moja. Ukiwa na mashine nne ni yuniti 60. Zidisha kwa bei unayonunulia tokeni, halafu gawanya kwa bei ya mechi moja pale kwako. Utapata idadi ya mechi ambazo kila mwezi watu wanacheza kulipia joto. Feni ya ukutani ya kupoza hilo joto sijaihesabu.

"Lakini Pro ina 4K." Ndio, ina. Na TV yako je? Nimeingia vyumba vingi vya PS kutoka Shika Adabu mpaka Bamburi, na karibu vyote ni TV ya inchi 32, nyingine hata HD kamili haifiki. Kumlisha huyo TV picha ya 4K ni kama kumimina mtungi wa lita ishirini kwenye kikombe cha kahawa. Ni kweli kuna gemu ambazo Pro inazisukuma vizuri zaidi hata kwenye TV ya kawaida. Lakini tuambiane ukweli kuhusu kinachochezwa mtaani: ni mpira. FC, eFootball, na GTA ya hapa na pale. Mteja wa mechi moja hakulipi zaidi kwa sababu nyasi za uwanja ziko safi. Anakulipa kama padi haivuti kushoto yenyewe.

Sisemi Pro ni takataka. Kama uko nyumbani, una TV ya 4K, unacheza gemu za stori usiku kukiwa na baridi kidogo, na una pesa ya ziada, chukua Pro na ufurahie. Ila hapo pia soma namba. Pro ya 7200, iliyotoka 2018, ni tulivu kuliko zile mbili za kabla yake. Ile 7000 ya mwanzo ndo inayofanya jirani aulize kama umewasha pampu ya maji. Ukiweza, itafute 7200. Utaijua pia kwa nyuma: tundu lake la waya wa stima lina umbo la nane, wakati Pro za kabla yake zinatumia waya mnene kama wa kompyuta ya mezani.

Na Fat? Hapa wengi wanaikosea heshima. Fat za mwanzo, 1000 na 1100, zina sehemu ya juu inayong'aa na kitufe cha kuwasha unachogusa tu, hakibonyezeki. Kile cha kutoa CD kina tabia ya kujigusa chenyewe: unacheza, dakika ya 89, mashine inajaribu kukutemea CD. Zina umri mkubwa, zinakula stima, na pesti ya juu ya chipu ishakauka kama uji wa jana. Hizo kaa nazo mbali, labda uwe unaijua historia yake yote. Lakini mwaka 2015 Sony walitoa 1200: nyepesi kwa kama asilimia 10, stima imepungua kwa kama asilimia 8, na vitufe vikawa vya kubonyeza kweli. Kwa nje inafanana na dada zake, ndo maana wauzaji wengi wanaiuza bei moja nao. Ukiipata kwa bei ya Fat ya kawaida, umeokota.

Slim nayo ina kasoro zake, nisije nikaonekana nimelipwa. Haina tundu la sauti ya optiko, kwa hiyo kama una spika zinazotegemea hilo, pole. Kwa chumba cha PS hiyo si shida. Kwa upande mwingine imeongezewa waifai ya gigahezi 5, ambayo Fat zote hazina, kwa hiyo wewe wa nyumbani unayecheza onlaini, hilo ni lako. Diski ya ndani unaweza kubadilisha mwenyewe kwa bisibisi, kwa aina zote tatu, kwa hiyo usiogope ya gigabaiti 500 kama bei ni nzuri.

Kuna mtu atasema haya mambo ya namba ni ya wataalamu wa YouTube. Hapana, mtaa umekuwa ukiyajua tangu zamani. Kaka zetu waliochezea PS2 waliyajua bila kuyaita majina. PS2 nene za Marekani zilitengenezwa kwa volti 120. Ukichomeka kwenye 240 yetu bila kipunguza umeme, ulikuwa unasikia "pah" na harufu, kisha kimya. Slim iliyofuata 2004 ilihamisha adapta nje, kwa hiyo ikiungua unanunua adapta na maisha yanaendelea. Kwenye PS3 ikawa hivyo hivyo: zile nene za mwanzo zilijulikana kwa taa ya njano ya mauti, na Slim ya 2009 ikaja na chipu isiyochemka hivyo. Mara tatu mfululizo Sony walitoa mashine, wakaona inachemka, wakaitengeneza upya kimyakimya. Atakayelipa tofauti ni yule asiyejua ameshika ipi.

Na usiseme PS4 imepitwa na wakati. FIFA ilikaa kwenye PS2 mpaka FIFA 14, kwenye PS3 mpaka FIFA 19. Kwenye PS4 hata FC 26 ilitoka, mwaka 2025, miaka 12 baada ya mashine yenyewe. Bado ina kazi ya kufanya mtaani kwetu.

Sasa siku ya kununua. Inachekesha kwamba kontena zinashukia Kilindini na kupita hapo Changamwe, halafu sisi tunatumiwa PS kwa basi kutoka Luthuli, Nairobi. Mzigo wa basi hauuoni mpaka ulipe. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, omba picha ya stika ya chini, iliyo wazi, si ya kudownload. Ukinunua ana kwa ana, fanya hivi. Soma namba. Angalia kama stika ya kufunika skrubu imetoka. Ikiwa imetoka uliza nani aliifungua na kwa nini, maana kufunguliwa ili kusafishwa ni jambo zuri, kufunguliwa kuficha ugonjwa ni jambo jingine. Weka CD, itoe, iweke tena. Halafu kaa chini ucheze nusu saa nzima, usikubali ya dakika mbili. Mashine mgonjwa huwa ina adabu dakika tano za kwanza. Weka mkono nyuma usikie hewa inatoka kwa nguvu gani. Jaribu tundu zote za USB.

Padi pia ina toleo. Ile ya 2016 kuendelea ina mstari mwembamba wa taa juu ya kile kioo cha kugusa, na inaweza kucheza kwa waya moja kwa moja. Kwenye chumba chenye padi nane zinazogombania hewa, waya ni rafiki yako.

Ukishafika nayo nyumbani, iweke juu ya meza, usiisukume ndani ya kabati. Acha nafasi nyuma. Mpe fundi unayemwamini aipulize vumbi na kubadilisha pesti kila mwaka, na ukiwa karibu na maji usisubiri mwaka uishe.

Najua Pro ina jina. Najua kuandika "tuna PS4 Pro" kwenye ukuta kwa rangi nyekundu kunavutia watu wiki ya kwanza. Lakini wiki ya kumi, saa tisa mchana, watu wanaenda kwenye chumba ambacho mashine hazijizimi katikati ya penalti. Jina halilipi kodi ya chumba. Mashine inayowaka mpaka saa nne usiku ndo inayolipa, na kwa huku kwetu ng'ambo, hiyo kwenye stika yake inaanza na CUH-2.