Mlango Ukigoma, Sababu Isemwe

TAREHE 30 Septemba, 2025, kampuni ya AOL ya Marekani ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu, baada ya zaidi ya miaka 30. Wengi waliipokea habari hiyo kama tanzia ya mzee aliyekwisha kusahauliwa. Sisi tunaamini kwamba mzee huyo ameacha wosia.

Kuunganishwa kwa njia ile kulikuwa na hatua mbili. Kwanza modemu ilipiga namba, ikapokewa na modemu ya kampuni, zikapatana kwa milio ile tuliyoizoea. Kisha jina la mtumiaji na neno la siri vilipelekwa ng'ambo ya pili, vikalinganishwa na daftari la wateja. Wengi walikwama hapo. Katika kompyuta za Windows ilitokea namba 691, yaani, waliojitambulisha hawakukubaliwa.

Aliyeielewa tofauti ya hatua hizo hakukimbilia kung'oa nyaya. Alitazama kwanza kitufe cha herufi kubwa, maana neno la siri hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Aliliandika upya, asitegemee lile lililohifadhiwa. Alihakikisha kama jina lilipaswa kufuatwa na anwani ya kampuni. Aliuliza kama ada imelipwa, na kama hakuna mwingine aliyekwisha kuingia kwa jina hilo hilo. Iwapo namba ilikuwa 720, alijua kwamba kompyuta hazikuafikiana kanuni za mawasiliano. Dawa ilikuwa katika mipangilio, wala si katika neno la siri.

Hata hivyo, bidii ya mteja ilikuwa na mpaka. Namba 691 iliweza kutokea kwa aliyekosea herufi moja, na pia kwa yule ambaye jina lake lilifutwa daftarini kwa makosa ya karani. Kosa la mwenye nyumba likavaa sura ya kosa la mgeni. Tena, kwa kuwa simu ilikwisha kupokewa, kila jaribio lilihesabiwa. Pale simu zilipotozwa kwa dakika, mwananchi alilipia kukataliwa kwake.

Wapo wanaosema kwamba ukimya huo ni ulinzi, kwani mwizi hapaswi kujua kama amekosea jina au neno la siri. Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuipingi. Lakini aliyetoa jina sahihi pamoja na neno la siri sahihi amekwisha kuthibitisha kwamba yeye ndiye. Huyo aelezwe waziwazi: ada yako imekwisha, au mitambo yetu ina hitilafu. Kumwacha akisie si ulinzi, bali ni uvivu.

Modemu zimenyamaza, lakini mlango ungalipo. Leo mwananchi huingia kwa jina na neno la siri ili atume fedha, aombe nafasi ya masomo, au alipe kodi. Akikataliwa siku ya mwisho ya maombi, hasara yake si ya dakika chache za simu.

Tunawataka wananchi wajifunze kutafuta hitilafu kwa utaratibu, hatua baada ya hatua. Nao wenye huduma tunawataka waseme kweli pale kosa linapokuwa lao. Mficha maradhi, kifo humwumbua.