MBUNGE MPYA AKISIMAMA KUIELEZA ISIOLO, ASEME NINI?



Iko desturi moja ya Bunge ambayo wengi wetu hatuifikirii sana. Mtu akichaguliwa mara ya kwanza, siku anaposimama kusema kwa mara ya kwanza wenzake humsikiliza kimya, bila kumkatiza. Naye huwashukuru waliompa kura, humtaja aliyemtangulia, kisha huwaeleza wenzake mahali anapotoka: pako wapi, wanakaa watu gani, wanaishi kwa kazi gani, na wanataka nini. Desturi hiyo ilitoka katika Bunge la Uingereza, na Bunge letu likairithi.

Sisi wafanya kazi wa reli tulio na makao Isiolo twataka kusema juu ya jambo hili mapema, kabla ya kura ya tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo Isiolo itachagua Gavana, Seneta, Mbunge mwanamke wa kaunti, Wabunge wawili wa Isiolo Kaskazini na Isiolo Kusini, na madiwani wa wadi kumi. Bila shaka baadhi yao watakuwa wapya. Watasimama mbele ya wenzao na kutujulisha. Basi twauliza: watamjulisha nani, na watasema nini juu yake?

Wako watakaojibu kwamba hotuba ni maneno matupu, na maneno hayajazi sufuria. Sisi hatukubali. Jinsi mahali panavyoelezwa mbele ya wakubwa ndivyo panavyogawiwa fedha. Anayeelezwa kuwa jangwa hupewa mahema na mahindi ya msaada. Anayeelezwa kuwa mfanya kazi hupewa barabara, shule na mshahara. Hili si jambo la kubuni, limetupata sisi wenyewe.

Tazameni mwaka wa 1965. Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Na. 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya uchumi. Waraka ule ulisema kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa faida kubwa: penye ardhi nzuri na mvua, penye njia za usafiri na nguvu za umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo. Sasa ipimeni Isiolo ya wakati ule kwa kipimo hicho. Mvua haba. Reli hakuna. Ngamia na ng'ombe, ambao ndio benki ya watu wa huku, hawamo katika kipimo. Palipokuwa na reli pakaongezewa, na palipokosa reli pakakosa tena kwa sababu palikosa mwanzo.

Waziri wa Mipango ya Uchumi wakati huo alikuwa Tom Mboya, ndugu yetu wa vyama vya wafanya kazi, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Nairobi mwaka wa 1957. Hatumtaji ili kumlaumu marehemu, maana kazi aliyowafanyia wafanya kazi wa Kenya twaijua. Twamtaja ili ndugu waone kwamba hata mtu mwema, aliyetoka kwetu, huweza kutia mkono katika waraka unaoiacha nusu ya nchi nyuma, ikiwa katika mkutano hakuna sauti kubwa ya kuieleza nusu hiyo.

Na kwa nini sauti haikuwako? Kwa sababu tangu zamani Isiolo ilielezwa na wengine. Wakoloni waliieleza kuwa mpaka. Mwaka wa 1926 waliifunga wilaya yote ya kaskazini, na mwaka wa 1934 wakaongeza sheria nyingine ya wilaya za namna ya pekee. Isiolo ikawa lango: wa kusini hapandi bila kibali, wa kaskazini hashuki bila kibali. Ilipofika kura ya mwaka 1963, watu wengi wa kaskazini waliisusia kwa sababu ya ugomvi wa mpaka. Mwezi wa Juni mwaka huo huo D.C. wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa risasi pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Leo jina la Wabera liko katika barabara moja ya Nairobi na katika wadi moja ya mji wetu. Kisha vikaja vita vya Shifta mpaka 1967. Watu walikusanywa katika kambi, Garba Tulla na Merti, na mifugo yao ikaangamia. Wazee wa Kiborana huuita wakati ule Gaafa Daba.

Baada ya hapo, mwaka wa 1970, Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishtakiwe kwa mambo waliyoyatenda katika vita vile. Ndani ya sheria hiyo Isiolo imetajwa kwa jina lake, pamoja na Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Marsabit, Tana River na Lamu. Hiyo nayo ni namna ya kujulishwa Bungeni. Jina letu lilitajwa, lakini si kwa kupewa shule.

Mambo yamebadilika, na lazima tuseme kweli. Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti na fedha zake. Mwaka wa 2017 Isiolo ilimchagua Fatuma Dullo kuwa Seneta, na yeye na Margaret Kamar wa Uasin Gishu na Susan Kihika wa Nakuru wakawa wanawake wa kwanza kuingia Seneti kwa kura za wananchi. Watu waliozoea kusema kwamba kaskazini mwanamke hasikilizwi wakanyamaza. Lami imefika mpaka Moyale, karibu kilomita 500. Uwanja wa ndege ulifunguliwa mwaka 2017.

Lakini yamekuja maelezo mapya, na hayo yanatutia wasiwasi. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki pamoja na wakuu wa Sudan Kusini na Ethiopia waliuzindua huko Lamu mradi mkubwa wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli. Katika ramani ile reli yatoka Lamu, yafika Isiolo, hapo yagawanyika, moja kwenda Juba na moja kwenda Moyale. Toka siku hiyo, mtu akisimama kuieleza Isiolo mara nyingi huanza hapo: njia panda ya Afrika, mji wa kitalii, mji wa kesho. Bandari ya Lamu ilipata gati lake la kwanza mwaka 2021. Reli je? Mpaka tunapoandika haya, hakuna treni iliyopiga honi Isiolo. Treni iliyo karibu nasi ni ya Nanyuki, karibu kilomita 80, na njia hiyo nayo ilikaa miaka mingi bila gari mpaka ilipofufuliwa mwaka 2020.

Sisi tunaoijua kazi hii twataka Mbunge mpya aelewe kwamba reli si mstari katika ramani. Reli ni mataruma, kokoto na vyuma. Ni magenge ya watu wanaoitazama njia jua likiwaka na mvua ikinyesha. Ni nyumba za wafanya kazi, maji yao ya kunywa, dawa zao wanapoumwa, na mkataba ulioandikwa. Anayeitaja reli bila kuwataja hao anataja chuma tu.

Tena reli hupita juu ya ardhi, na ardhi ya Isiolo iliyo nyingi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 yasema kwamba ardhi ya jamii isiyoandikishwa hushikwa na Serikali ya kaunti kwa niaba ya wenyewe, na fidia yo yote inayolipwa kwa ardhi hiyo hushikwa hivyo hivyo mpaka iandikishwe. Basi reli ikija kesho ikukute hujaandikisha, fidia yako iko mkononi mwa mwingine. Hili ni jambo la kusemwa siku ya kwanza, wala si siku matingatinga yamekwisha kufika.

Labda ndugu watauliza kama hotuba ya mtu wa kijijini imepata kubadili kitu po pote. Tuangalie Wales, nchi ya milima na machimbo ya makaa, upande wa magharibi wa Uingereza. Mwaka wa 1900 wafanya kazi wa reli ya Taff Vale, iliyoteremsha makaa mpaka bandari ya Cardiff, waligoma. Kampuni ikakishtaki chama chao, na mwaka uliofuata mahakama kuu kuliko zote ikaamua kwamba chama chaweza kudaiwa hasara. Chama kilitozwa pauni 23,000. Hapo wafanya kazi wa nchi nzima waliona kwamba bila watu wao Bungeni hata mfuko wa chama si mali yao. Mwaka wa 1906 wakaingiza Wabunge 29 wa Labour, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuvilinda vyama.

Katika bonde jingine la Wales, mji wa Tredegar, alizaliwa Aneurin Bevan, mwana wa mchimba makaa, naye akaingia shimoni akiwa mtoto wa miaka 13. Mwaka wa 1929 alichaguliwa Mbunge wa Ebbw Vale. Huko kwao wafanya kazi walikuwa na chama chao cha matibabu: kila mtu alitoa fedha kidogo katika mshahara, na akiumwa alipata daktari. Bevan alipofanywa Waziri wa Afya alisimamia mpango wa matibabu kwa nchi nzima, ulioanza tarehe 5 Julai 1948. Jambo aliloliona kwao alilipeleka mpaka likawa la wote. Huko ndiko kuujulisha mji wako kwa wenzako.

Sasa na sisi tuseme tungependa kusikia nini. Mbunge wa Isiolo aseme kwamba katika hesabu ya mwaka 2019 tulikuwa watu 268,002, katika nchi ya kilomita za mraba zaidi ya 25,000. Aseme kwamba Ewaso Nyiro ndio uhai wetu, na kwamba maji yakichukuliwa juu, mtu wa Merti na Sericho hukauka chini. Aseme habari za mama wanaokusanya maziwa ya ngamia na kuyapakia katika basi yafike Eastleigh kabla hayajaharibika. Awataje wapakiaji wa mifugo katika malori, wachinjaji, wachonga mawe, mafundi wa gereji, vibarua wa mijengo wanaolipwa kwa siku bila karatasi yo yote. Awataje wazee wa Kisomali waliopewa makao hapa baada ya kupigana Vita Kuu ya kwanza. Na akimtaja Mborana asimwache Mturkana. Akimtaja Msamburu asimsahau Mmeru, Msomali, Mgabra na Msakuye. Katika genge la reli hakuna taruma la kabila. Mtu anayeijulisha Isiolo kwa kabila lake peke yake amejulisha nyumba yake tu.

Na aseme kwa Kiswahili. Katiba, kifungu cha 120, imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawasawa na Kiingereza. Mama wa maziwa apate kusikia yanayosemwa kwa jina lake.

Lakini tusingoje mpaka wachaguliwe. Twapendekeza kila tawi liwaite wanaoomba kura, wa vyama vyote, na kuwauliza maswali matatu. La kwanza: reli ikijengwa, vijana wetu watafundishwa kazi ya ufundi, au watapewa koleo tu? La pili: utafanya nini ili ardhi ya jamii iandikishwe kabla ya reli kupita? La tatu: siku ya kwanza utakaposimama, utatueleza vipi? Majibu yaandikwe na katibu wa tawi. Kisha, uchaguzi ukiisha, tupate Hansard, kile kitabu kinachoandikwa maneno yote ya Bunge, tukisome mkutanoni, tulinganishe. Hatuhitaji matusi wala mawe kwa kazi hiyo. Twahitaji daftari na kumbukumbu.

Ndugu, mzigo hupelekwa mahali palipoandikwa katika hati yake. Hati ikiandikwa vibaya, mali hufika kwa mwingine hata kama treni ni nzuri. Kwa miaka mingi hati ya Isiolo imeandikwa na watu wasiotujua. Safari hii tuiandike wenyewe, tumpe Mbunge mkononi kabla hajapanda gari la Nairobi.

Umoja ndio nguvu yetu.

Sisi wafanya kazi wa reli, Isiolo.