Usikimbilie kufuta diski

Ushauri wa kusakinisha upya kila mfumo unapokwama baada ya kupandishwa toleo sikubaliani nao. Watu wanapoteza kazi zao bila sababu.

Chukua mfano wa mfumo wa Linux wa Debian 12, uliotoka Juni 2023. Waliopanda kutoka toleo la 11 wakiwa na Windows kwenye kompyuta hiyohiyo waliweza kukuta imetoweka kwenye menyu ya kuwashia. Haijafutika, ipo palepale. Kuanzia toleo hilo GRUB, inayotengeneza menyu hiyo, haiendeshi os-prober, programu inayotafuta mifumo mingine, mpaka uiruhusu mwenyewe. Fungua /etc/default/grub, weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha endesha update-grub kama root. Menyu itarudi kama zamani.

Toleo hilohilo lilihamishia fimwea zisizo huria kwenye fungu jipya, non-free-firmware. Usipoliongeza kwenye faili ya sources.list, kadi ya Wi-Fi inaweza kubaki na fimwea ya zamani, bila marekebisho ya usalama, nawe usijue.

Umeme ukikatika katikati ya kupandisha toleo (kwetu si jambo geni), anza na dpkg --configure -a, halafu apt --fix-broken install. Soma kosa linaloandikwa kwenye skrini, tafadhali, neno kwa neno. Mara nyingi linataja kifurushi chenye tatizo kwa jina.

Ikibidi kusakinisha upya kweli, nakili data zako nje kwanza. Na kama /home ina kizigeu chake, usikifomati.