Barabara Hujadiliwa Saa Moja Jioni

Kila tunapokutana kwa chai ya klabu, malalamiko ni yale yale: mashimo yanayotoboa magurudumu, kituo cha basi kisicho na taa, matuta yaliyowekwa mtaa wa pili na sisi tukarukwa. Kisha mtu husema, "Serikali hii!" Tunacheka, sambusa zinaisha. Muhula huu wanne kati yetu tuliamua kwenda kusikiliza mahali mambo haya yanapozungumzwa.

Jijini Washington mahali penyewe ni tume za ushauri za mitaa, ambazo wenyeji huziita ANC. Zinatokana na sheria ya 1973 iliyolipa jiji mamlaka ya kujiongoza, na makamishna wa kwanza walichaguliwa 1976. Kila kamishna huwakilisha wakazi wapatao 2,000, huchaguliwa kwa miaka miwili, na hana mshahara. Mliokulia Tanzania mfikirieni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ila huyu hana muhuri wala hakuandikii barua ya utambulisho.

Alicho nacho ni uzito. Idara ya uchukuzi ikitaka kubadilisha maegesho au mwendo wa magari mtaani, huipa tume taarifa na siku 30 za kazi za kutoa maoni. Kisheria ni lazima maoni hayo yapewe uzito mkubwa, na idara isipokubaliana nayo ieleze sababu kwa maandishi. Si kura ya turufu, lakini si porojo. Lami yenyewe hufuata ukaguzi unaoipa kila barabara alama kati ya 0 na 100. Tuta au kivuko mara nyingi huanza na mtu kuomba.

Kikao chetu kilianza saa moja jioni, kwa kompyuta. Muda mrefu uliishia kwenye njia ya baiskeli itakayomeza nafasi za kuegesha. Waliozungumza karibu wote walijitambulisha kuwa wenye nyumba, na walikuja na picha tayari. Kivuko cha karibu na magorofa ya kupanga, wanakoishi shangazi na wajomba zetu, kilipewa dakika tano kikaahirishwa. Hakuna aliyewadharau. Hawakuwepo tu: saa hiyo mama zetu wanaingia zamu kwenye nyumba za kulelea wazee, na baba zetu wako kwenye usukani.

Lugha nayo ina sehemu yake. Sheria ya jiji ya 2004 inazitaka idara zimpatie mkalimani asiyejua Kiingereza vizuri. Hati muhimu nazo zitafsiriwe pale wazungumzaji wa lugha fulani wanapofika 500 au asilimia 3 ya wanaohudumiwa, idadi ndogo kati ya hizo mbili. Kiamhari kimo kwenye lugha sita zinazotumika zaidi. Kiswahili hakimo. Kwa maoni yetu, tumechangia wenyewe: mzee akiulizwa anataka lugha gani, hujibu "Kiingereza" asije akaonekana mshamba, halafu nyumbani humwita mwanawe amsomee barua. Hapo amejiondoa kwenye hesabu.

Tunapendekeza klabu iteue wawili kila mwezi wahudhurie kikao na kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, uingie kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi. Walimu wetu mnaotafuta zoezi la tafsiri, hili hapa. Sisi tulikaa saa nzima tukitafuta neno la ule ukingo wa barabara unaopanuliwa kwenye kona ili magari yapunguze mwendo, na bado hatujalipata.

Mwenzetu mmoja alipinga: sisi ni wapita njia, tutahitimu tuondoke, ya nini kuwaamulia wakazi? Ana hoja. Ndiyo maana hatutaki kuwasemea. Tuwafikishie tarehe na ajenda mapema, wao wapeleke maoni kwa maandishi, ambayo hayajali zamu ya mtu. Nanyi wa Kaunti ya Montgomery msikae kando: mpango wenu wa miradi ni wa miaka sita na hupitiwa upya kila baada ya miaka miwili. Anayechelewa huko huchelewa kweli kweli.

Kivuko kile kitarudi kwenye ajenda mwezi ujao. Wawili wa kwanza bado hawajapatikana.